Madebe ya Matroni

Kila mchana, mawingu yalipoanza kurundikana upande wa Nandi, Matroni alitoka mlangoni kwake na kupiga makofi. Hakuita jina la mtu. Alipiga makofi tu, vile alivyokuwa akiwapigia wasichana wa bweni waliochelewa kuoga, na sisi wapangaji wa ile ploti ya Lurambi tukaacha tulichokuwa tukifanya na kutoka. Anayefua aliacha nguo ndani ya beseni. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho aliacha suruali ya mteja chini ya sindano. Tulishika madebe ya nyanya, mmoja huku na mwingine kule, tukayasogeza chini ya mabati ya varanda kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua ya alasiri Kakamega haikosi, na nyanya ikilowa majani kila siku hushikwa na madoa meusi. Ikishashikwa, ni ya kung'oa.

Tulilalamika, sana tu. Fundi alikuwa kijana wa mjini na mdomo wake haukulala. "Huyu mathe ataniua na nyanya zake," alisema kila siku, huku mikono yake ikibeba debe kwa uangalifu kuliko alivyobeba nguo za watu. Hata mimi nilinung'unika. Lakini makofi yalipolia nilijikuta nimesimama kabla sijajua nimesimama. Matroni alikuwa na makofi ya namna hiyo.

Alikuwa amestaafu kutoka shule moja ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji, na akapanga chumba na sebule karibu na lango letu. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Mume wangu alikuwa askari wa msitu kule Buyangu, akija nyumbani mwisho wa wiki akinuka moshi na majani, na siku zilizobaki nilikuwa peke yangu na mashine ya taipu ofisini na upweke nyumbani. Matroni hakuniuliza jina langu. Aliniita Bibi ya Folesta, yaani mke wa mtu wa msitu, na mwishowe ploti nzima ikaniita hivyo.

Kustaafu kulikuwa kumemshinda. Alipokosa wasichana wa kukagua, aliikagua mimea. Asubuhi alitembea kando ya madebe, mikono nyuma, akiinama kutazama chini ya majani jinsi alivyokuwa akitazama kucha na shingo za wanafunzi. Aliongea nayo kwa sauti kavu. "Wewe umelala vibaya. Wewe mwenzako anakusukuma, songa." Machipukizi yanayoota kwenye kwapa la tawi aliyaita watoro, na aliyavunja kwa kidole gumba na cha shahada pasipo huruma, kwa sababu, alisema, yanakula mezani na hayafanyi kazi. Vidole vyake vilibaki na rangi ya kijani na harufu ile kali ya majani ya nyanya. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo sokoni huwa ninasimama wima kidogo.

Madebe yenyewe yalikuwa ya kila aina. Kulikuwa na madebe ya mafuta ya kupikia, ndoo zilizopasuka mdomo, karai la fundi wa mawe, na sufuria kubwa ya shule ambayo sikuthubutu kuuliza iliondokaje shuleni. Yote aliyatoboa chini kwa msumari. Akaweka vigae vya vyungu na vumbi la makaa, ndipo udongo, na katika udongo samadi iliyokauka. Samadi aliifuata mwenyewe Lubao siku ya soko la mifugo. Watu walipokuwa wakivutana kuhusu bei ya ng'ombe, yeye alifagia nyuma ya ng'ombe hao, akarudi na gunia lake ameridhika kama mtu aliyenunua fahali. Mume wangu alimwambia kwamba kinyesi cha kuku kinapatikana hapahapa mtaani, karibu zaidi. Matroni alimtazama. "Cha kuku ni kikali, kitachoma mizizi. Nyinyi watu wa msitu mnajua miti peke yake."

Nyanya zilipofika magotini alizipa vijiti vya kuegemea, na hapo ndipo alikuwa na utaratibu wake ambao sikuuona kwa mtu mwingine. Alifunga shina kwa vipande vya soksi za nailoni alizozikata kwa mkasi, maana nailoni hunyumbuka shina likinenepa, na kamba ya katani hukata. Alipitisha kitambaa kulizunguka shina, akakikunja katikati, akakizungusha kwenye kijiti, kikalegea kidogo. "Mtu unamshika, humkabi," alisema. Na kila kijiti alikisimamisha kichwa chini. Ncha iliyokuwa ya juu mtini ndiyo aliyoichomeka udongoni, na upande wa chini ukaangalia juu.

Siku ya kwanza nilidhani amekosea. Nilikigeuza kimoja. Alikuja nyuma yangu akakigeuza tena.

"Kijiti ikikaa vile ilikuwa kwa mti, itaota," alisema. "Na ikiota kwa debe itakula chakula ya nyanya yote. Ukiweka kichwa chini, inachanganyikiwa, inakauka."

"Kwani ikiota si tutang'oa tu, Matroni?"

Alifunga kitambaa kwanza. "Na tena kwetu mwanamke hapandingi mti," akasema, kwa sauti ya chini, kisha akaenda kwenye debe jingine.

Hilo nililijua. Kwetu ni Lugari, kwenye mashamba ya mahindi ambayo zamani yalikuwa ya wazungu, na kwa kuwa watu huko walitoka kila pembe, mambo mengi ya mila yamelegea. Lakini hata huko bibi yangu alijua kwamba mti ni alama ya mwenye shamba. Anayepanda mti amesema ardhi ni yake, na mwanamke hasemi hivyo. Akipanda, wanasema anamchimbia mume wake kaburi. Mume akiwa tayari amekufa, wanasema mengine. Kwa hiyo mwanamke hupanda mboga, mahindi, maharagwe, vitu vya msimu. Sikuona kwa nini Matroni alikuwa akifikiria hayo katika ploti ya kupanga mjini, ambapo hata kichaka cha langoni kilikuwa cha mwenye nyumba.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alikuwa mkali wa kutisha watoto, lakini wakianguka walikimbilia kwake. Alienda kanisani kila Jumapili akisinzia tangu wimbo wa kwanza, na aliporudi alijua mahubiri yote na makosa yake. Na nyanya, zile alizozihangaikia kutwa, hakula hata moja. Alizigawa. Ya kwanza kuiva ilienda kwa mama mjamzito kama yuko plotini, na kama hayuko ilienda kwa fundi, ambaye Matroni alimwita mwembamba kupita kiasi. Yeye alikula obusuma wake, yaani ugali, kwa mboga za kienyeji, na nilipomwekea nyanya kwenye sahani aliisogeza pembeni.

"Zina nini, Matroni?"

"Hazina kitu. Nitakula zangu siku moja."

"Na hizi ni za nani?"

"Hizi ni za hapa," akasema. Nikafikiri ni uzee.

Nilimjua vizuri zaidi siku tuliyokwenda kwao. Kulikuwa na matanga upande wa Butali, ya shangazi wa marehemu mume wake, na akaniomba nimsindikize. Aliniambia njiani, kwa vipande vipande, huku akitazama mbele. Mume wake alikufa yeye akiwa bado kazini. Walikuwa na mabinti watatu, wote wameolewa mbali, na hapakuwa na mtoto wa kiume. Shamba lilikuwa limegawanywa zamani kati ya mume wake na mdogo wake, na mume wake alikuwa amepanda miti ya lusiola kwenye mpaka, ile miti ya maua ya njano ambayo kwetu hupandwa mipakani kwa sababu hurefuka bila kuyaibia mazao jua. Matroni alikuwa amekaa bwenini akilea watoto wa watu, akifikiri nyumba yake inamngojea.

Tulipofika nikaiona nyumba hiyo, na miwa ilikuwa imeifikia. Sisemi ilikuwa karibu. Majani yake yaliparuza ukuta wa jikoni. Huko kila mtu analima miwa kwa ajili ya kiwanda, na shemeji yake alikuwa amelima yake, akavuka, akaendelea. Ile miti ya mpakani haikuwepo. Ilikuwa imechomwa makaa.

Shemeji mwenyewe alitupokea kwa heshima, mtu mnene wa kucheka, akamletea Matroni kiti.

"Mulembe, mama. Umetusahau kabisa. Mji umekukubali."

"Mulembe. Miwa imefika hapa lini?"

"Ah, hii? Nilikuwa naona msitu umeota, nyoka inakaa. Nikasema wacha niwasaidie." Akacheka. "Hii nyumba ni yako, mama, hakuna mtu anakufukuza. Lakini sasa wewe peke yako utafanya nini na shamba? Mti wa mpaka hakuna, kijana wa kupanda hakuna. Kaa mjini pole pole. Siku ya kulala, utaletwa tu hapa ulale."

Siku ya kulala, yaani siku ya mazishi. Alisema hivyo kwa upole, na ndiyo sababu nilikasirika. Matroni hakukasirika. Alizunguka nyuma ya jikoni, akasimama kwenye kichochoro kilichoachwa katikati ya miwa, ambapo hapakuwa na kitu ila visiki vilivyoungua, akatazama kutoka kisiki kimoja hadi kingine mpaka chini karibu na kijito. Alikuwa akiukariri mstari ule. Mimi nilidhani anaomboleza.

Baada ya safari hiyo aliendelea kupiga makofi yake, lakini kuna siku mawingu yalimkuta amekaa, nikapiga mimi. Nilimwogopea. Mtu aliyezoea kuwapanga watu mia wasimame mstari mmoja, na sasa hana mahali pa kusimama yeye. Wazo kwamba atafia katika chumba kile cha kupanga, kisha abebwe hadi kwenye miwa ya mtu, lilinikosesha raha hata nikiwa kazini.

Ndipo mume wangu akafanya kosa lake. Matroni alikuwa ameishiwa vijiti, na mume wangu, kwa kutaka kusifiwa, akaleta mzigo kutoka kwenye ua wa kwao. Vilikuwa vya lusiola, vibichi, vinene kama mpini wa jembe. Akavichomeka mwenyewe, Jumamosi, Matroni akiwa amekwenda Lubao, na akavichomeka kichwa juu. Mtu wa misitu, tena. Mvua ilikuwa nyingi mwaka huo. Baada ya wiki kadhaa vijiti vilianza kutoa machipukizi kama vidole, na fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Folesta amepanda folesti," akasema.

Nilingoja Matroni avunje kila kitu. Alisimama mbele ya debe moja kwa muda mrefu. Akaligeuza ubavuni, polepole, akatazama chini yake. Lilikuwa debe la zamani, kutu imelila, na katika kile kitako kilichooza mzizi mweupe ulikuwa umetoka, umekwishashika udongo wa ploti.

"Imepita," alisema.

"Pole, Matroni. Nitamwambia aving'oe."

"Mwambie asing'oe kitu." Akalirudisha debe wima, akalipigapiga kwa kiganja. Kisha akaniuliza kama kwa kina mume wangu kuna lusiola nyingine, mbichi.

Msimu uliofuata alihama. Hakutoa sababu zaidi ya kusema amechoka na kelele za mji. Alikodisha pikapu, na siku ya kupakia nilisimama pale nikimshangaa, maana alipanga madebe kwenye makundi, akanipa mimi na majirani yote yaliyo mazima: ndoo nzuri, karai, hata sufuria ya shule. Yeye alichukua mabovu. Alichukua yale yaliyoliwa na kutu, ambayo ukiyainua unashika chini kwa mkono ili udongo usimwagike. Juu ya mzigo alifunga vijiti vibichi vilivyofungwa ndani ya gunia lililoloweshwa.

"Matroni, haya yatakufia njiani," nilimwambia.

"Yafike tu," akasema. Akapanda mbele, kando ya dereva, mkoba magotini. Nililia baada ya pikapu kukata kona, kwa sababu niliona wazi kwamba akili yake imeanza kumwacha, na kwamba anakwenda kupanda nyanya kwenye mikebe mlangoni pa mtu anayengoja afe.

Miaka ikapita. Tukapata watoto, tukahama kutoka ploti. Mawingu yakija nilisogeza ndoo zangu mwenyewe na nikamkumbuka, lakini sikwenda, na kila mwezi ambao sikwenda ulifanya unaofuata uwe mgumu zaidi. Halafu mtu mmoja aliyekuwa akituletea maziwa kutoka pande zile akasema, katika kupiga porojo, kwamba huko kwao kuna mjane mmoja alishtakiwa na shemeji yake mbele ya wazee. Amepanda miti, akasema. Mwanamke mzima na miti. Nikauliza kesi iliishaje. Hakujua. Alikuwa ameondoka kabla haijaamuliwa.

Nilikwenda Jumamosi hiyohiyo. Njia nzima nilitayarisha maneno ya pole. Nilifika kwenye miwa, nikaifuata, nikitazamia ukuta wa jikoni ulioanguka, na miwa ikaisha ghafla. Iliisha mbele ya mstari wa miti. Ilikuwa lusiola, imepita paa la nyumba, imejaa maua ya njano, imenyooka kutoka jikoni hadi kijitoni. Upande wa huku wa miti kulikuwa na mahindi, na maharagwe, na mikunde. Na Matroni alikuwa ameinama kati yake, amevaa gamubuti, akimgombeza mtu ambaye nilipokaribia niliona kuwa ni mche wa nyanya.

"Bibi ya Folesta," alisema bila kushtuka. "Umenenepa."

Nilikuwa nimebeba hofu ile kwa muda mrefu hivi kwamba ilipotoka nilikaa palepale kwenye tuta. Aliniletea maji, akangoja ninywe, akanisimulia akiwa amesimama.

Alifika na madebe yake, akayapanga juu ya mstari wa visiki, moja baada ya moja, kila moja na mche wake wa nyanya na kijiti chake. Shemeji alikuja kutazama, akacheka. Nyanya ni mambo ya wanawake. Mwanamume atakwendaje kwa wazee kusema shemeji yangu amenifungia njia na mboga? Mke wake hata alikuja kuomba nyanya za mchuzi, akapewa. Mvua ikanyesha. Mizizi ikapita kwenye kutu. Vijiti vingine vilikufa, akavibadilisha, vingi vilishika. Shemeji alipokuja kugutuka, nyanya zilikuwa zimekwisha na mstari umesimama.

"Akaniita kwa liguru," alisema. Liguru ndiye mkuu wa kijiji. "Wazee wote wakakuja. Akasema, huyu mama amepanda miti, ametutukana. Mimi nikauliza wazee, nani aliniona nikichimba shimo? Nikauliza bibi yake, wewe, hapa ulikuwa unakujanga kuchukua nini? Akasema nyanya. Nikasema basi. Mimi nilisimamisha nyanya."

"Wakasemaje?"

"Walienda kuangalia. Wakakuta debe imezunguka mguu wa mti kama soksi. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika fimbo na mikono yote. Na ule mzee alikuwa anajua ile laini ya zamani, akaona ni hiyo hiyo. Liguru akasema mti wa mpaka ukishaota haung'olewi na mtu, mpaka uamuzi. Halafu wazee wakaamua mpaka ni hiyo laini ya miti. Miwa ilitolewa."

Nilikwenda kwenye mti uliokuwa karibu. Chini yake kulikuwa na duara la kutu, limebanwa na shina lililonenepa, na ukiligusa lilimong'onyoka. Nililitambua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelibeba mara nyingi chini ya mabati nikinung'unika. Nilimwambia kwamba siku ile ya pikapu nilidhani amerukwa na akili.

"Nilijua unafikiria hivyo," alisema. "Ningekwambia, ungemwambia fundi."

Ni kweli, ningemwambia fundi. Tulicheka wote wawili. Kisha akaingia jikoni, akatoka na sahani ya obusuma na ingokho, kuku wa kienyeji, na kando yake nyanya iliyokatwa na kutiwa chumvi. Aliweka sahani katikati yetu, akachukua kipande cha nyanya, akakila, akachukua kingine. Mimi nilimtazama tu.

Tulipomaliza alinipa kazi, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni akae. Nikafunga miche kwa vipande vya nailoni, nikivilegeza kidogo, naye akipita nyuma yangu kukagua. Nilichukua kijiti kutoka kwenye mzigo na, kwa mazoea, nikakigeuza kichwa chini. Akanishika mkono.

"Hapa weka vile iliota," alisema.

Nikakigeuza, nikakichomeka. Upande wa Nandi kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi, na upepo ule wa mvua ulipita kwenye maua ya lusiola. Kabla sijajua nimesimama nilikuwa nimesimama, mikono mbele, nikitafuta debe la kushika. Matroni alikuwa bado amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu ameinyoosha.

"Kaa chini, Bibi ya Folesta," alisema. "Hizi hazihamingi."